Jumapili Tulipofungua Injini Mara ya Pili

Wiki ambayo mke wangu alikuwa anarudi kutoka Ghuba, sikuweza kukaa. Kazi yangu ni kuuza vipuri vya magari katika duka moja mjini Kisumu, na kazi hiyo inataka mtu wa kusimama nyuma ya kaunta kwa utulivu. Lakini wiki ile nilikuwa natoka nje kila mara kuangalia barabara, kisha narudi ndani bila kuona chochote. Nilipanga upya rafu za vichujio vya oili ambazo hazikuwa na shida yoyote. Mwenye duka aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, nikaenda kusimama mlangoni tena.

Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Kwetu, upande wa Mlima Kenya, mama yangu alikuwa akiniona ninazunguka zunguka tu nyumbani anaificha redio, maana alijua nitaifungua. Nilikuja Kisumu nikiwa kijana kumsaidia mjomba aliyekuwa na kibanda cha vipuri. Mjomba akarudi nyumbani, mimi nikabaki. Nikaoa hapa hapa, msichana wa kutoka Nyakach aliyekuwa anashona nguo mlango wa pili kutoka dukani kwetu. Tukapata mtoto wa kike. Mtoto alipoanza kutembea vizuri, mama yake akapata kazi ya nyumbani kule Ghuba, akaenda. Mkataba ulipoisha akaongeza mwingine.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuja kutulelea mtoto. Kwa mila za watu wake, mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake, wala hawakai karibu karibu na kuzungumza ovyo. Kwa bahati, nyumba yetu ya Kaloleni ni zile za zamani za kaunsili, zenye chumba kidogo nyuma karibu na jikoni. Akalala huko. Asubuhi nikitoka, yeye alikuwa ameshaenda ufukoni Dunga kununua omena, wale dagaa wa ziwani, wa kuuza sokoni, mtoto akiwa kwa jirani. Jioni nilikuta chakula kimefunikwa. Tuliongea Kiswahili, kwa kuwa Kikikuyu changu hakijui na Kijaluo changu ni cha kununua samaki tu. Na hata hicho Kiswahili tulikitumia kidogo. Mimi nilimwita Mama. Yeye aliniita Baba, au akiwa na jambo zito, *wuon nyathi*, yaani baba mtoto. Tuliishi hivyo kwa heshima kubwa, kama watu wawili waliopanga vyumba jirani.

Gari tulilinunua mke wangu akiwa huko huko. Ni gari dogo jeupe, la aina ile inayobeba samaki, mahindi na watu kote magharibi ya Kenya, na sehemu kubwa ya bei yake ilitoka kwa mke wangu. Yeye mwenyewe alikuwa hajaliona ila kwenye simu. Nilikuwa nikimwonyesha kwa video, nazunguka nalo pande zote, nafungua milango, yeye anacheka na kusema nisogeze kamera aone viti.

Kitu ambacho sikumwonyesha ni mlio. Kila asubuhi nikiliwasha, injini ilikuwa inalia kwa mbele, upande wa mkanda, kama mtu anatikisa kopo la misumari. Halafu oili ikishapanda, mlio unakwisha. Nilijua ni nini. Ndani ya injini ile kuna cheni inayounganisha shafti ya chini, inayozungushwa na pistoni, na shafti mbili za juu, zinazofungua na kufunga valvu. Cheni ikizeeka inalegea, na ikilegea inapigapiga ukuta. Nilikuwa nimewauzia watu cheni kama hizo mara nyingi na kuwaeleza jinsi ya kupanga taimingi, yaani kuhakikisha valvu zinafunguka pale pistoni inapotaka na si kabla wala baada. Kwa mdomo nilikuwa fundi kamili.

Mlio ule ungevumilika miezi mingine. Fundi mmoja rafiki yangu wa Nyamasaria aliniambia hivyo. "Wacha mama watoto afike kwanza," alisema. "Gari iko sawa." Lakini nilikuwa najiona niko kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, mke wangu ameketi, ninageuza ufunguo, na kitu cha kwanza anachosikia katika gari lake ni kopo la misumari. Nikanunua cheni mpya, vibao viwili vinavyoiongoza, kile kidude kinachoikaza ambacho mafundi wetu hukiita tenshena, na silikoni ya kuzibia. Nikamsihi fundi aje Jumamosi. Ndege ilikuwa Jumapili alasiri.

Jumamosi asubuhi akanipigia simu. Amefiwa na jirani yao kule Siaya, yuko njiani kwenda matangani.

"Basi ngoja Jumatatu," akaniambia.

Nikamwambia sawa. Nikakata simu, nikavaa ovaroli, nikaanza kumwaga oili.

Mama mkwe alikuwa anaanika nguo. Aliniona nimelala chini ya gari akasimama kidogo na pegi mkononi.

"Si fundi ndiye anakuja?"

"Ameenda matanga, Mama."

"Sasa?"

"Sasa ninafanya mwenyewe."

Aliendelea kuanika, lakini nilimwona akitazama upande wangu kila alipoinama kwenye beseni.

Siwezi kusema kwamba nilifanya kazi vibaya. Niliinua injini kwa jeki na kipande cha ubao, nikafungua kishikizo chake cha kulia, nikatoa mkanda, kifuniko cha juu, puli kubwa ya chini, halafu kile kifuniko kirefu cha mbele ambacho hakitaki kutoka hata bolti zote zikiwa zimeisha. Nikaona cheni ya zamani imening'inia kama mkufu. Nikaleta pistoni ya kwanza juu kabisa. Nikatoa ya zamani, nikaweka mpya. Cheni mpya ina pete zilizopakwa rangi, na kila pete ya rangi inakaa kwenye alama yake: moja kwenye gurudumu la meno la shafti ya chini, moja moja kwenye yale mawili ya shafti za juu. Nilizipanga. Nikafunga tenshena, nikachomoa kipini kinachoizuia, ikaruka na kuikaza cheni kwa mlio mdogo mzuri.

Hapo ndipo mtu anatakiwa azungushe injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, aangalie alama tena. Nilijua. Nilikuwa nimewaambia wateja hilo kwa miaka. Lakini upande wa ziwa kulikuwa kumeanza kuwa na wingu zito, mtoto alikuwa ananiita nimwone amevaa viatu vyake vipya, na simu ilikuwa inaita. Ilikuwa mke wangu, yuko uwanja wa ndege wa kule, anangoja kuingia.

"Kila kitu kiko sawa?" aliuliza.

"Sawa kabisa."

"Gari je?"

"Liko hapa nje, linakungoja."

Nilirudi kwenye injini, nikafunga kifuniko bila kuizungusha.

Mvua haikunyesha. Kabla giza halijaingia nilitia oili, nikaketi, nikageuza ufunguo. Injini iliwaka. Mlio wa misumari haukuwapo, na kwa muda mfupi sana nilifurahi. Halafu gari zima likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Usukani ulitetemeka, kioo kilitetemeka, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka rangi ya machungwa. Nilikanyaga mafuta kidogo, likakohoa.

Nilizima. Mama mkwe alikuwa mlangoni mwa jikoni.

"Imelia vibaya," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Jana ilikuwa inalia vizuri."

Nilioga, nikala nikiwa nimesimama, nikalala nikiwa macho.

Jumapili alfajiri nilikuwa nje nikimwaga oili tena kabla majirani hawajatoka. Nilikuwa nimeshaondoa kishikizo cha injini wakati akina mama wa kanisa walipoanza kupita na sare zao nyeupe. Mama mkwe alitoka chumbani kwake amevaa sare yake pia, kitambaa kimefungwa kichwani. Jirani alimwita waondoke. Mama mkwe akaniangalia, akaangalia vipuri vilivyotandazwa kwenye gunia, akamkabidhi jirani mtoto.

"Endeni na yeye. Mimi nabaki."

"Mama, nenda tu kanisani," nikasema. "Kuna taksi. Tunaweza kukodi taksi hata sasa."

"Hiyo taksi ulikuwa unaijua jana?"

"Ndiyo."

"Na hukuchukua." Aliingia chumbani, akatoka na rinda la kazi. "Niambie nishike nini."

Nilimpa spana ndefu na kumwonyesha bolti ya shafti ya chini. Kazi yake ilikuwa kuzungusha injini upande wa saa, pole pole, mimi nikiwa juu natazama alama. Nilikuwa nimetoa plagi ili injini isimzuie kwa upepo wake. Alichuchumaa kwenye tairi, akashika spana kwa mikono miwili kama anavyoshika mwiko wa ugali.

"Zungusha, Mama. Zungusha. Bado. Pole pole sasa. Simama!"

Alama ya chini ilikuwa mahali pake. Gurudumu moja la juu, alama yake ilikuwa mahali pake. Gurudumu la pili, lile la valvu za kuingizia hewa, alama yake ilikuwa nyuma kwa jino moja.

Jino moja tu. Nilielewa mara moja jinsi ilivyotokea. Nilipoweka cheni niliacha ulegevu kidogo upande usiotakiwa kuwa na ulegevu, kati ya yale magurudumu mawili, na tenshena iliporuka ilivuta ulegevu ule wote na kuliburuta gurudumu. Kama ningezungusha Jumamosi, ningeuona pale pale.

"Umeona nini?" Mama mkwe aliuliza kutoka chini.

"Nimeona kosa."

"Linatengenezeka?"

"Karibu."

"Karibu ni ndiyo ama ni hapana?"

"Ni ndiyo, Mama."

Lakini kulitengeneza kulihitaji mikono minne pale juu. Nilirudisha tenshena ndani na kuifunga kwa kipini. Sasa ilibidi mtu mmoja ashike shafti ya juu kwa spana na kuizungusha kidogo sana, huku mwingine akiinua cheni na kuihamisha jino moja. Ile shafti haitaki kukaa hapo unapotaka ikae, maana springi za valvu zinaisukuma. Mtu akilegeza mkono inaruka, na mtu mwingine vidole vyake viko ndani.

Nilisita. Nafasi ilikuwa ndogo. Tungelazimika kusimama bega kwa bega, vichwa vyetu chini ya boneti moja, jambo ambalo katika miaka yote ile halikuwahi kutokea. Hata chumvi alikuwa akiiweka mezani, ndipo nami niichukue.

Alikuja mwenyewe. Alishika spana mahali nilipomwonyesha. Nilisikia harufu ya sabuni ya sare aliyokuwa ameivua, na ya omena ambayo haimtoki.

"Samahani, Mama," nikasema.

"Shika kazi yako."

Alivuta. Niliiona mishipa ya mkono wake ikisimama. Shafti ilisogea, ikataka kumnyang'anya spana, akaikatalia. Niliinua cheni, nikaihamisha, nikaiona pete ya rangi ikikaa kwenye alama yake. "Legeza kidogo," nikasema. "Kidogo tena." Akalegeza. Safari hii nilihakikisha kati ya magurudumu yale cheni imenyooka, ulegevu wote uko upande wa tenshena. Nikachomoa kipini.

Tukazungusha. Yeye chini, mimi juu, mizunguko miwili. Nikaangalia: pete za rangi hazikuwa kwenye alama. Moja ilikuwa huku, nyingine ilikuwa kule, ya tatu sikuiona kabisa.

Na hili pia nilikuwa nalijua. Nimewaambia wateja mara zisizohesabika: rangi ni za siku ya kuweka tu. Injini ikizunguka, pete za rangi hutembea na cheni na hukawia sana kurudi pamoja. Unachoangalia baada ya hapo ni alama za magurudumu yenyewe. Nikaangalia magurudumu. Alama zote zilikuwa juu, sawasawa. Lakini macho yangu yalikuwa yanarudi kwenye zile rangi.

"Zungusha tena, Mama."

Akazungusha. Alama sawa, rangi zimepotea.

"Tena."

Akazungusha. Sawa.

"Tena kidogo, Mama."

Alisimama, akajinyoosha mgongo, akaja kuangalia mwenyewe kile ninachokiangalia. "Hizi alama zimekataa," aliuliza, "ama ni wewe umekataa?"

Nikaweka spana chini. Tulifunga kifuniko.

Silikoni ina tabia moja mbaya: lazima uingoje. Ukitia oili kabla haijashika, itavuja, na utarudia kila kitu kwa mara ya tatu. Nilipaka mstari wake kwa uangalifu, nikafunga bolti zote, nikarudisha puli, mkanda na kishikizo. Halafu hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Jua lilikuwa juu ya paa la jirani. Nilienda mpaka lango, nikarudi. Nilifuta spana iliyokwisha kufutwa. Nikaenda lango tena.

Mama mkwe alikuwa ametoa kigoda, ameketi penye kivuli cha ukuta na sinia ya mchele, anachambua. Alinitazama nikipita, nikirudi.

"Mbona hukulala jana?" aliuliza.

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa macho pia."

Nikasimama. Aliendelea kuchambua bila kuinua macho.

"Kwa nini uliifungua hii gari?"

Nilimwambia ukweli. Sikutaka mke wangu ausikie ule mlio.

Alicheka kabisa, sinia ikitikisika magotini. "Huyo hajui gari inalia aje. Angedhani ni ya jirani." Kisha kicheko kikaisha, na uso wake ukawa mwingine. "*Wuon nyathi*. Akifika, mimi nitaenda wapi?"

"Hapa ni kwako, Mama."

"Usinipe maneno ya wageni."

Nilikaa chini kwenye saruji, mbali naye kidogo. Akanieleza. Nyumba yake ya Nyakach ipo, lakini jikoni kwake hakuna mtu. Watoto wote wametawanyika. Alipokuja mjini alidhani atahesabu siku arudi, na sasa ana wateja wake, ana wanawake wenzake wa Dunga wanaomwekea omena safi kabla jua halijachomoza, ana kanisa. "Nikirudi kule nitakaa kwa kiti niangalie ng'ombe ya mtu mwingine ikipita," alisema. "Mimi siwezi kukaa hivyo. Nitagonjeka." Lakini binti yake akiwa nyumbani, kazi ya kulea haipo, na mama kukaa tu kwa mkwe bila sababu ni jambo la aibu.

Nilikuwa nimeishi na mama huyu muda wote ule, na haikuwahi kunijia kwamba naye alikuwa macho usiku kwa hofu yake mwenyewe. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitembea huku na huko.

"Mimi naogopa mtoto hatamjua mama yake," nikasema.

"Atamjua. Mtoto anajua haraka." Aliokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Sisi wakubwa ndio tutachelewa."

Aliendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha. Sijui tulikaa kiasi gani. Nilimsikia jirani akirudi kutoka kanisani na watoto, na mama mkwe akainuka, akagusa silikoni iliyokuwa imefura kidogo pembeni ya kifuniko, akaangalia kidole chake.

"Haishiki mkono tena," alisema.

Nilitia oili. Nikaketi. Nikageuza ufunguo, na injini ikawaka kwa sauti ya chini, laini, bila misumari na bila malaria. Taa ya machungwa niliifuta kwa kuchomoa waya wa betri na kuurudisha, na haikuwaka tena. Niliwasha na kuzima mara kadhaa mpaka mama mkwe akaja kugonga kioo. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe, na mtoto amevaa viatu vipya.

"Ndege haitangoja hiyo injini yako."

Nilienda uwanja wa ndege na oili chini ya kucha. Mama mkwe aliketi nyuma, kama kawaida yake, na mtoto kando yake. Tulipofika watu walikuwa wameshaanza kutoka. Mke wangu alitoka karibu wa mwisho. Alikuwa amekonda, amevaa hijabu nyeusi mabegani kama shali, anasukuma mkokoteni wenye mabegi mawili. Alituona akasimama. Mimi nilimwendea, nikamshika mikono yote miwili, na nikashindwa kusema yale niliyokuwa nimeyapanga. Mama yake alimkumbatia kwa muda mrefu akisema maneno kwa Kijaluo, pole pole. Mtoto alijificha nyuma ya sketi ya bibi yake na kukataa kutoka.

Nilipakia mizigo, nikafungua mlango wa mbele. Mke wangu alipita mlango ule, akafungua wa nyuma, akaketi, akafunga mkanda, akaweka mikono magotini. Alifanya hivyo haraka bila kufikiri, na mimi nikabaki nimeshika mlango wazi. Ndipo akaona. Alitazama kiti cha mbele, akanitazama.

"Huko nilikuwa nakaa nyuma," alisema. "Nimezoea."

"Kaa tu. Umechoka."

Mtoto aliruka akaja mbele kwangu, akiwa na furaha ya kumkimbia mama yake. Nikawasha gari. Liliwaka vizuri kabisa. Niliangalia kwenye kioo. Mke wangu alikuwa anatazama nje, kule ziwa lilikoonekana nyuma ya uzio, na mama yake amemshika mkono. Hakusema kitu kuhusu gari. Alisema tu, "Kumbe bado kuna hii harufu ya mvua," na hapakuwa na mvua.

Jioni ile tulikula wali na kuku, na mama mkwe alikula jikoni kama siku zote. Mtoto alikuwa anamkagua mgeni kwa mbali. Alipoanza kusinzia alienda mlango wa jikoni akamuuliza bibi yake kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Dani, huyu mgeni atalala wapi?"

Nilidhani mke wangu atalia. Alicheka. Alicheka mpaka akaweka sahani chini, na mtoto, kwa kuwa aliyechekwa hukasirika, akaja mpaka mbele yake kumuuliza anacheka nini. Wakaanzia hapo.

Hazikuwa nyepesi, wiki zile. Mke wangu aliamka kabla ya alfajiri na kuanza kupiga deki nyumba iliyokuwa safi, na nikimwambia alale alisema mwili unamwasha akilala. Alishtuka simu ikiita. Siku nyingine alitembea peke yake mpaka Dunga na kurudi kwa miguu, hakuwa na cha kununua. Sikumzuia. Ninaujua ugonjwa wa miguu isiyotulia. Pole pole alianza kushona tena, kwanza nguo za mtoto, halafu za majirani, na kelele ya cherehani ikawa ndiyo inayotuamsha.

Jambo la mama mkwe, mimi ndiye niliyelisema, usiku tukiwa wawili. Mke wangu hakujua lolote. Akasema, "Kumbe amekuambia wewe." Sikujua kama amefurahi au ameumia. Kesho yake walizungumza jikoni, mama na binti, mlango umefungwa. Mama mkwe alikataa kubaki kwenye chumba cha nyuma, na akakataa kurudi Nyakach. Aliwaambia wanawake wenzake, na mmoja akamtafutia chumba Nyamasaria, karibu na soko la barabarani, mahali ambapo angeweza kuanika omena wake juu ya wavu bila mtu kulalamika.

Nilimhamisha siku ya mapumziko. Godoro, masufuria, beseni zake, na gunia la omena ambalo harufu yake imebaki kwenye viti mpaka leo. Mke wangu alikuwa na nguo za harusi za watu za kumaliza, kwa hiyo tulikwenda sisi wawili na mtoto. Niliingiza vitu ndani, nikafunga pazia, nikajaribu swichi ya taa, nikakaza bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea. Halafu nikasimama kizingitini. Kwa mila, kazi yangu ilikuwa imekwisha na ilinipasa kuaga. Niligeuza funguo mkononi. Mtoto alikuwa ameshapata kuku wa mtu wa kumfukuza.

Mama mkwe alitoka na thamosi na vikombe viwili. Aliweka kigoda kimoja huku na kingine kule, na nafasi ya kutosha katikati.

"Kaa chini, Baba," alisema. "Hakuna kitu inaharibika."

Nikakaa. Alinimiminia chai mwenyewe, akanipa kikombe mkononi. Barabarani malori yalikuwa yanaelekea Ahero, na yeye akaanza kunieleza ni mama yupi wa soko lile anauza samaki wa jana akisema ni wa leo.